Ng'ombe wa Sotik

Mume wangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Wakati wa uchumba nilidhani ni haya. Nilipoolewa nikadhani ni uchovu, maana mtu anayepanda mteremko kutwa nzima na kapu la majani chai mgongoni hana pumzi ya kupiga soga. Kisha asubuhi ya kwanza nilipoamka nyumbani kwake, kwenye kilima kinachotazama barabara ya Sosiot, nilimsikia akizungumza nje. Sauti ilikuwa ya chini, laini, ikipanda na kushuka kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa ale uji. Alikuwa akisema Kipsigis, lugha ambayo wakati huo sikuijua zaidi ya salamu. Nikafungua dirisha la mbao nione ni nani anayebembelezwa alfajiri hiyo na mume wangu wa jana.

Alikuwa ng'ombe. Mweusi mwenye mabaka meupe, mrefu, mgongo umenyooka kama meza, na kope ndefu ambazo mwanamke yeyote angezitamani. Mume wangu alikuwa amechuchumaa chini yake, paji la uso amelilaza ubavuni mwake, ndoo katikati ya magoti, anakamua huku akiimba. Alipomaliza alimpapasa shingo, akamwambia neno moja la mwisho, akaja mlangoni. Mimi aliniambia, "Maji iko kwa jiko," akachukua kapu lake akaenda shambani.

Nilizaliwa katika laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa kambi ya chai. Baba yangu alikuwa mchuna chai, mtu aliyetoka milima ya upande wa Kisii akiwa kijana na kuzeekea kwenye shamba la watu. Kambini hawakuruhusu ng'ombe. Mifugo tuliyoijua ni kuku, nao walilala chini ya kitanda ili msimamizi asiwaone. Siku niliyoolewa mama alinipa kuku jike mwekundu na vifaranga vyake ndani ya tenga, na mimi nikalibeba tenga lile kwa fahari hadi Sosiot. Mama mkwe wangu, mjane mwembamba mwenye macho makali, alichungulia ndani.

"Kuku ni ndege," akasema. "Sawa. Watakula mchwa."

Basi hiyo ndiyo mali niliyoingia nayo katika boma lile.

Haikuwa rahisi miaka ile mtu wa kwetu kuolewa upande ule. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kulikuwa kumetokea mambo ya damu mpakani kati ya watu wetu na wao, ambayo watu hawakupenda kuyataja wakiwa wanakula. Sisi tulikutana kwenye kongamano la vijana la kanisa, yeye akibeba viti na mimi nikipika, tukapendana mambo yalipokuwa yametulia kidogo. Lugha yetu ya nyumbani ilikuwa Kiswahili, kisicho chake wala changu. Tulikitumia kama jembe la kuazima. Kilitosha kuombana chumvi na kuelezana bei ya mbolea. Maneno yote matamu aliyofundishwa na mama yake yalikuwa katika lugha ile nyingine, nayo, nilivyoona kwa macho yangu kila asubuhi na kila jioni, yalikwenda kwa ng'ombe.

Pale nyumbani walimwita wa Sotik. "Wa Sotik amekula?" "Wa Sotik apewe chumvi." Nilifikiri alinunuliwa soko la Sotik, basi. Kulikuwa na ng'ombe wengine, wekundu wa kienyeji, lakini hao walikwenda malishoni na kurudi bila mtu kuuliza habari zao. Wa Sotik alikatiwa napia, yale majani marefu ya mifugo, na mume wangu mwenyewe, ikakatwakatwa vipande vifupi. Mvua ikinyesha alihamishiwa upande wa zizi wenye mabati. Paa la jiko langu lilivuja mwaka mzima.

Aliyenieleza ni jirani yetu, mama mmoja mnene mcheshi ambaye hakuwahi kukaa na habari mpaka ipoe. Tulikuwa kwenye kituo cha kupimia majani, tumeketi juu ya makapu tukingoja lori.

"Na wa Sotik anaendeleaje?" akaniuliza.

"Mzima. Anakamuliwa vizuri."

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Nauliza ile ya miguu minne, usijali. Ama unajua ile ingine?"

"Ingine gani?"

Alinitazama, akaona kwamba kweli sijui, na uso wake ukajaa huruma ile inayofurahia kazi yake. "Kwani hawakukwambia? Wewe mama, hiyo ng'ombe ni mahari. Ilirudi."

Nikaelezwa yote kabla lori halijafika. Mume wangu alikuwa amechumbia msichana wa Sotik. Ng'ombe walipelekwa, wazee wakala, siku ikapangwa. Kisha msichana akaondoka na dereva wa lori la maziwa, wala hakurudi kuomba radhi. Baba yake alikuwa mtu wa heshima. Alirudisha kila alichopokea, na kwa kuwa ng'ombe mmoja alikuwa amefia mikononi mwake, akamlipa kwa mtamba kutoka zizi lake mwenyewe, mtamba wa gredi, bora mara mbili ya yule aliyekufa.

"Ndiyo hiyo mnakunywa maziwa yake," jirani akamaliza. "Msichana alikuwa mrembo, siwezi kudanganya. Mrefu. Hata mama mkwe wako alimlilia."

Nilirudi nyumbani na kapu tupu mgongoni, lakini niliona mteremko mrefu kuliko nilipobeba majani. Jioni ile nilisimama kwenye uzio nikamtazama ng'ombe yule upya. Nikaanza kumtafuta msichana ndani yake. Mrefu, jirani alisema. Na huyu ni mrefu. Zile kope. Ile shingo. Ule mwendo wa polepole wa mtu anayejua anatazamwa. Mume wangu akaja na ndoo, akachuchumaa, akaweka paji la uso palepale ubavuni, akaanza kuimba. Kama angekuwa mwanamke ningejua la kufanya. Ningemtukana, ningeenda kwetu, ningewaita wazee. Lakini utawaambia nini wazee? Kwamba mume wako anamkamua ng'ombe kwa upole mno?

Niliacha kunywa maziwa. Asubuhi nilijipikia turungi yangu kwenye sufuria ndogo, chai nyeusi kama ya matanga. Mursik, maziwa ya mgando, ilipomiminwa kutoka kwenye kibuyu nilisema tumbo limejaa. Mama mkwe aliniangalia wiki mbili hivi bila neno, kisha akaanza kunikatalia mizigo mizito na kunitengea ndizi mbivu. Siku moja nilimsikia akimwambia jirani kwa furaha kwamba nimeyakinai maziwa, na mwanamke anayekinai maziwa ana jambo. Sikuwa na jambo lolote ila wivu. Nilikula zile ndizi hivyo hivyo.

Mwaka uliofuata baba yangu alistaafu. Alikuwa anarudi kwao milimani, kwenye kipande cha ardhi alichokuwa amekiacha kwa kaka yake, na alitaka kuingia huko kama mwanamume mwenye ng'ombe. Katika mahari yangu alikuwa bado anadai mmoja. Akaja yeye na kaka yake, wamevaa makoti siku ya jua kali, wakanywa chai, wakasifu majani, na ulipofika wakati wa kwenda zizini baba hakuzunguka. Aliinua fimbo yake na kuielekeza.

"Hiyo ndiyo itanifaa," akasema.

Alikuwa amemwonyesha wa Sotik.

Nilikuwa nimesimama na kikombe mkononi. Sijawahi kumpenda baba yangu kama dakika ile. Niliona yote yakitatuliwa kwa fimbo moja. Atolewe. Aende akapande milima ile huko mbali, na kila mtu ajue kwamba mume wangu amemtoa wa Sotik kwa ajili yangu.

Mume wangu alivua kofia. "Baba," akasema, "chagua mwingine yeyote. Huyo hapana."

"Mwingine yeyote?"

"Hata wawili."

Baba akacheka, maana hakuna mkwe anayelalamikia hesabu kama hiyo. Wakaondoka na ng'ombe mwekundu mwenye mimba pamoja na fahali mdogo, wamefurahi, baba akinibariki mara nyingi kuliko siku ya harusi. Mimi nilingoja mpaka walipopotea barabarani, kisha nikamfuata mume wangu nyuma ya zizi.

"Umetoa wawili ili usitoe mmoja."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Alikuwa anafunga mlango wa zizi kwa kamba. Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. "Huyo hapana," akasema, akaenda kukata napia.

Sikumsemesha muda mrefu baada ya hapo. Sidhani aligundua mara moja. Ndiyo shida ya kumnyamazia mtu asiyesema.

Mvua za masika zilipoanza, udongo wa kwetu ukageuka sabuni. Siku moja akishuka na kapu limejaa, mguu ulimponyoka kati ya safu za michai, akaanguka juu ya mkono. Nilisikia mlio wake nikiwa jikoni. Hospitali walimfunga plasta kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko, wakamwambia asiguse kazi mpaka watakapoitoa. Njiani kurudi, mvua ikitupiga usoni, aliuliza jambo moja tu.

"Nani atamkamua?"

Hakuuliza nani atachuna chai, wala nani atapasua kuni. Mama mkwe vidole vyake vilikuwa vimeshapinda kwa baridi yabisi. Nilibaki mimi.

Jioni ile nilikwenda na ndoo. Ng'ombe aligeuza kichwa akanitazama kuanzia kwenye viatu hadi kwenye kitambaa cha kichwa, kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni asiyealikwa. Nilipomgusa kiwele alikaza miguu. Nilivuta, hakikutoka kitu. Nikavuta tena, akainua mguu wa nyuma bila haraka, akaipiga ndoo ikaviringika hadi kwenye matope. Ninaapa alikuwa ananijua. Alijua nilivyomwombea aende.

"Vaa koti yake," mama mkwe akaita kutoka mlangoni. "Na uimbe. Hiyo haishushi maziwa kama huimbi."

Nikavaa kabuti la mume wangu, lililonuka jasho na moshi na ng'ombe. Nyimbo zake sikuzijua, kwa hiyo nikaimba wimbo wa kanisani, ule mama yangu aliouimba akifua, katika lugha ya kwetu. Niliimba kwa hasira. Nilikuwa nalia kidogo pia. Nikaweka paji la uso ubavuni mwake kwa sababu hakuna namna nyingine ya kukaa ukikamua, na ndipo nikasikia tumbo lake kubwa likiunguruma ndani polepole, joto lake likiniingia usoni, na baada ya ubeti wa tatu au wa nne maziwa yakashuka. Yalishuka kwa mikondo miwili mizito, yakapiga chini ya ndoo kwa sauti ninayoisikia hata sasa ninapoandika.

Sikumpenda siku ile. Lakini nilimaliza kumkamua, na asubuhi nikarudi, na jioni nikarudi. Plasta ilikaa wiki nyingi. Nilijifunza kwamba hapendi mikono baridi, kwamba chuchu ya kushoto nyuma huanza mwisho, kwamba ukimkuna nyuma ya sikio hufumba macho. Kope zile ndefu zilikuwa na inzi kama za ng'ombe yeyote. Mume wangu alikuja kusimama kwenye uzio, mkono umening'inia kwenye kitambaa, akitazama. Mwanzo alitoa maelekezo. Baadaye alinyamaza. Siku moja ng'ombe aliponiona alitoa mlio mfupi, ule wa chini wa kumwita ndama, na mume wangu akanung'unika, "Unamzoesha vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Sasa hataniskia mimi."

Niligeuka ili asione uso wangu. Alikuwa na wivu! Mtu yule asiyesema, wivu ulikuwa umemkaa usoni kama tope. Nililala usingizi mzuri siku hiyo. Na plasta ilipotolewa sikumrudishia ndoo. Aliidai mara mbili, kwa mzunguko, kama kawaida yake, nami mara zote nikawa tayari nimevaa kabuti. Nilianza tena kunywa chai ya maziwa, na mama mkwe akaacha kunitengea ndizi, akisikitika.

Alipougua yeye, mama mkwe, tayari nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza anayetambaa, na wa Sotik naye alikuwa na ndama jike aliyeanza kula majani. Ulikuwa ugonjwa wa kifua, wa muda mrefu. Alilala kwenye chumba chenye mlango unaotazama uani, akipenda mlango uachwe wazi aone nani anapita. Mchana mmoja aliniita.

"Nataka kumwona wa Sotik," akasema.

Nilielewa. Mzee aliyeishi na ng'ombe kama yeye, ni haki yake. Nikaenda zizini, nikamfunga wa Sotik kamba, nikamleta uani polepole hadi mlangoni, kichwa kikaingia ndani kabisa, akapumua juu ya blanketi. Mama mkwe alitazama kile kichwa. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamwinua, nikampa maji, naye bado anacheka na machozi yanamtoka.

"Si hiyo," akasema alipopata pumzi. "Yule mtu."

Nilimrudisha ng'ombe zizini. Niliporudi alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, kwamba msichana yule alipoondoka yeye mwenyewe alikutana naye sokoni na kumlaani mbele ya watu, kwamba tumbo lake lisizae, na kwamba hataki kufa na maneno hayo mdomoni. Hakuniomba ruhusa. Ila alinieleza, na wengine wasingenieleza.

Mume wangu alituma ujumbe kupitia mtu aliyekuwa akienda Sotik. Hakusema lolote juu yake, nami sikuuliza. Nilifua mapazia, nikafagia uwanja, nikasuka nywele. Kama anakuja aone nyumba.

Alikuja siku ya Ijumaa, na mkate na sukari ndani ya kiondo. Ni kweli alikuwa mrefu. Alikuwa pia amechoka, mwenye meno mawili yaliyopishana mbele, mikono mikubwa ya mtu anayefungua marobota ya mitumba. Yeye na mume wangu walisalimiana "Chamgei" kwa mikono iliyonyooka, kama watu wanaokabidhiana risiti, na mume wangu akapata kazi ya ghafla shambani. Mgeni akaingia kwa mama mkwe, mlango ukafungwa. Nilikuwa jikoni nikipika chai nikajikuta nimeweka majani mara mbili. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. Akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda bila kungoja kukaribishwa.

"Dada," akaniambia, "nina swali moja na utaniona mjinga. Ile ng'ombe bado iko?"

"Iko."

"Naweza kuiona?"

Nilimpeleka. Alisimama kwenye uzio, pale pale niliposimama mimi jioni ile ya kwanza, akaweka mikono yote miwili juu ya mti.

"Ilikuwa yangu," akasema. "Baba alinipa nilipomaliza shule. Ikizaliwa ilikataliwa na mama yake, mimi ndiye niliinywesha kwa chupa. Nilipokataa kuolewa huku, baba alisema, sawa, ng'ombe ya watu imekufa kwetu, tutalipa na yako. Alijua mahali pa kunipiga." Akafuta pua kwa nyuma ya mkono. "Usikasirike, dada. Bwana yako ni mtu mzuri, lakini sikumlilia yeye hata siku moja. Nilililia hii."

Sikujua niweke wapi uso. Miaka yote ile nilimwonea wivu kwa sababu ya mwanamume, na kumbe yeye huko Sotik alikuwa akinionea wivu mimi kwa sababu ya ng'ombe. Akaita kwa ulimi, sauti ndogo ya kugongesha, na ng'ombe akainua kichwa. Tulingoja wote wawili. Ng'ombe akaja. Akaupita mkono wake ulionyooshwa, akaja kwangu, akasugua paji la uso kwenye bega langu kama alivyozoea akitaka kukunwa.

"Amenisahau," akasema yule mwanamke.

Nilipaswa kusikitika. Nilisikitika, lakini chini yake kulikuwa na furaha mbaya, tamu, nikamkuna ng'ombe nyuma ya sikio muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha akamwona ndama. Mume wangu alikuwa anarudi kutoka shambani, yule mwanamke akamgeukia, akamuuliza kama angemuuzia ndama yule, bei yoyote anayotaka. Nilimtazama mume wangu. Nilijua hajui kumnyima mtu. Alivua kofia yake.

"Muulize mwenyewe," akasema.

"Nani?"

"Huyo." Akanionyesha kwa kidevu. "Zote mbili ni zake. Mimi hazinisikii siku hizi."

Yule mwanamke akanigeukia. Ingekuwa hadithi ya kanisani ningempa ndama bure, tukakumbatiana. Nilimtazama yule aliyekuwa mrefu kuliko mimi, ambaye mama mkwe alimlilia, nikaona kwamba nikimpa ndama atakuwa na sababu ya kurudi kumwona mama wa ndama, na kwamba nimechoka kugawana.

"Hapana," nikasema. "Siuzi."

Akatabasamu kwa yale meno yaliyopishana. "Hata mimi ningekataa," akasema. Alikunywa chai yangu iliyokolea majani, akasifu mtoto, akaenda zake kabla ya mvua. Mwezi mmoja baadaye tulimzika mama mkwe, naye alikuja akasimama nyuma na watu wa kanisa, na tukashikana mikono.

Lakini jioni ile ya Ijumaa, nikiwa nakamua, mume wangu alikuja na kuketi juu ya debe upande wa pili wa ng'ombe, hata nikawa naona miguu yake tu.

"Uliniuliza siku moja," akasema. "Kwa nini sikumpa baba yako hii."

Niliendelea kukamua. Niliogopa nikiacha atanyamaza.

"Hii ni ng'ombe ya aibu. Nilikataliwa, watu wakacheka, nikarudishiwa. Sasa nitoe mahari yako na ng'ombe ya mtu aliyenikataa? Watu waseme ulinunuliwa na mabaki?" Miguu yake ikasogea. "Kwako nilitaka kutoa yangu. Zile nyekundu zilikuwa za baba yangu."

"Ungesema siku ile," nikamwambia.

"Sikuwa na maneno yake kwa Kiswahili."

"Na ng'ombe, ulikuwa ukimwambia nini kila asubuhi?"

Alifikiri. "Asimame vizuri," akasema.

Ningependa kuandika kwamba wivu wangu uliisha hapo. Ulipungua, ukawa kama maumivu ya jino bovu, linalouma ukilikumbuka. Miaka michache baadaye, mvua zilizidi na kupe wakazidi. Josho la kijiji lilikuwa limekufa zamani, kila mtu akinyunyizia dawa kwake kwa kadiri alivyoweza. Wa Sotik akavimba tezi chini ya masikio, akaacha kula, akaanza kupumua kama mtu aliyepanda kilima. Daktari wa mifugo alikuja, akatazama macho yake, akamdunga sindano, akasema ndigana, homa ya kupe, imeshaingia mapafuni. Alikufa mchana, kichwa chake kikiwa juu ya kabuti.

Mume wangu alipiga magoti kwenye matope akalia. Hakulia kwenye maziko ya mama yake. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, akisema maneno ya Kipsigis ambayo sasa niliyaelewa yote, nayo hayakuwa juu ya kusimama vizuri. Nilisimama nyuma yake. Mimi pia nilikuwa nalia, ng'ombe yule alikuwa wangu kama wake, na bado katikati ya machozi, Mungu anisamehe, nilijiuliza kama siku yangu ikifika atanililia hivyo.

Sikumuuliza. Mtamba wake, yule niliyekataa kumuuza, alikuwa amezaa mwezi ule, na kiwele kilikuwa kimejaa. Alikuwa ameanza kulia zizini. Nilichukua ndoo, nikaenda bila kabuti, nikakaa chini yake, nikaanza kuimba.